Sanduku la slaidi za jino linalokua: hodari wa kujenga, bubu kwenye kubomoa

Nianze na bei, maana najua ndiyo inayoulizwa kwanza. Shilingi 7,800 kwa slaidi kumi za hadubini, na hakuna kushushiwa. Nilimbembeleza muuzaji weee, akaniambia mzigo wenyewe umemgharimu bandarini, nikitaka cha bei rahisi ninunue picha za ukutani. Nikalipa. Kisanduku ni cha plastiki ya buluu, ndani kina mifereji ya kusimamishia vioo, na kuna kijitabu chembamba cha Kiingereza na Kichina. Juu ya kifuniko wameahidi safari nzima ya jino, tangu chipukizi mpaka linapoota.

Mimi nafundisha wauguzi hapa Mombasa, na Jumamosi huwa na darasa la wahudumu wa afya ya jamii kutoka Likoni na Kisauni. Watu wangu hawasomei udaktari wa meno. Wanachohitaji ni jibu la kumpa mama aliyepakata mtoto wa wiki tatu, anayeuliza vile vipunje vyeupe kwenye ufizi ni nini na kama kweli vikatwe. Kwa hiyo sanduku hili nimelipima kwa mizani hiyo. Linamwonyesha mwanafunzi tishu zinavyojipanga kabla jino halijaonekana? Ndiyo, tena vizuri. Linamwonyesha tishu hizohizo zinavyobomoka? Hapo ndipo penye ugomvi wangu na walioliandaa, maana ubomokaji umo ndani ya vioo vyao, wazi kabisa, ila kijitabu hakiutaji, na mahali pamoja kimeukana.

Slaidi mbili za mwanzo nitazipita haraka. Ya kwanza inaonyesha lamina ya meno, ule ukanda wa epithelia, yaani tabaka la seli linalofunika uso wa kinywa, unaonenepa na kuzama kwenye taya changa. Kwa binadamu hilo huanza karibu na wiki ya 6 ya mimba, mama mwenyewe pengine bado anajiuliza kama ana mimba au ni joto tu. Ya pili ni hatua ya chipukizi: ncha ya lamina imevimba, na chini yake seli za mesenkima, ile tishu changa laini, zimeanza kusongamana. Rangi imeshika sawasawa, viini vya seli ni zambarau na vilivyobaki ni waridi. Kioo cha pili kina kiputo cha hewa pembeni, hakisumbui.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya nisirudishe sanduku dukani.

Ni hatua ya kofia. Chipukizi limebonyea kwa chini, limefunika papila ya jino, yaani lile rundo la mesenkima, na katikati ya ule mbonyeo kuna fundo la enameli (enameli ni lile gamba gumu la nje la jino). Weka lenzi ya 40, zungusha skrubu ndogo polepole, utakuta kundi la seli zilizobanana kuliko jirani zake. Seli hizi hazigawanyiki. Kazi yao ni kutuma ishara za kikemikali kwa wenzao: huyu azaliane, yule ajikunje, hapa patakuwa na ncha ya jino. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Helsinki, akina Jukka Jernvall na Irma Thesleff, ndio walioonyesha kwamba fundo hili ni kituo cha amri, si uvimbe tu kama wengi walivyolichukulia kabla ya hapo. Sasa tazama ndani ya kundi lenyewe. Utaona vitone vya zambarau iliyokolea, duara, vidogo kuliko kiini cha kawaida, na vingi vimezungukwa na nafasi nyembamba nyeupe. Vingine vimekatika vipande viwili vitatu. Hizo ni seli zinazokufa.

Mwanafunzi mmoja aliinua kichwa kutoka kwenye hadubini akauliza, "Mwalimu, hizi zimeoza?"

"Hazijaoza, mwanangu. Zimejiua."

"Kwani zimekosa nini?"

Darasa lilicheka, lakini swali lilikuwa la maana. Hazijakosa lolote, zimemaliza kazi. Seli inayojiua kwa mpango, yaani kwa apoptosisi, hujikunja, hukata kiini chake vipande, na jirani zake humeza mabaki. Hakuna usaha wala joto, na hakuna seli nyeupe za damu zilizokimbilia pale kama kwenye kidonda. Nikawaambia watafute dalili za uvimbe kwenye kioo kile, wakatafuta, wakakosa. Somo hilo hulipati kwenye picha ya ukutani. Fundo likishatoa amri zake linaondolewa hivyohivyo, na kwa magego mafundo mengine hutokea baadaye kwenye kila mahali patakapokuwa na ncha, nayo huondoka. Kijitabu kinasema nini kuhusu slaidi hii? Kimechora mshale kwenye fundo na kuandika jina lake, basi. Vitone havikutajwa.

Ya nne ni hatua ya kengele. Hapa ogani ya enameli, ile kofia iliyokua, imejipanga tabaka kwa tabaka, na katikati yake kuna zile seli za nyota, zimeachana, zimeshikana kwa ncha za mikono tu, huku nafasi baina yao ikiwa imejaa majimaji. Ni slaidi nzuri ya kumwonyesha mgeni, kila mtu husema "maashaallah" anapoitazama. Lakini uzuri huo ni wa muda. Ukiweka ya nne, kisha ukaweka ya sita, utaona tabaka la nyota limesinyaa hadi kubaki unyuzi. Sababu yake ni nzuri kuifundisha: dentini, lile tabaka gumu la chini ya enameli, ikishaanza kutandazwa, seli zitakazotengeneza enameli zinatenganishwa na chakula kilichokuwa kikitoka upande wa papila. Tabaka la nyota linaporomoka, na kwa kuporomoka huko mishipa ya damu ya upande wa nje inasogea karibu na seli zenye njaa. Tishu imebomolewa ili chakula kipite. Kijitabu kimeandika kwamba tabaka "limepungua". Haya.

Sasa ya tano. Hii ndiyo slaidi niliyogombana nayo zaidi na ndiyo ninayoipenda zaidi.

Lebo inasema ni kengele iliyokomaa, na mishale yote imeelekezwa kwenye jino lenyewe. Sogeza kioo uende juu, sehemu iliyo baina ya jino na ngozi ya kinywa, ambako ungetarajia kuona lamina kama kamba moja iliyonyooka. Hakuna kamba. Kuna kitu kama jarife kuukuu lililotoboliwa na kaa: matundu, nyuzi zilizokatika, na visiwa vya seli vinavyoelea peke yao ndani ya tishu ya kuunganisha. Kijitabu kimeweka herufi ndogo pembeni na kueleza kuwa eneo hilo lina dosari ya ukataji. Nilisoma mara mbili nisiamini. Jamani, hiyo si dosari! Kisu kikichana tishu, mchaniko huenda upande mmoja, unavuka kila kilichopo njiani, na kingo zake ni kali. Hapa tishu iliyozunguka ni nzima kabisa, mishipa ya damu imekaa mahali pake, ni lamina peke yake iliyovunjika. Kilichoko kwenye kioo ni lamina ikifanya inavyotakiwa kufanya.

Na si kwamba jambo hili ni siri. Mwaka 2012 Marcela Buchtová na wenzake walichapisha utafiti wao wa lamina ya nguruwe wadogo wa maabara, wakaonyesha kwamba inavunjika kwa njia zaidi ya moja: baadhi ya seli zinakufa, utando wa msingi, ule mwembamba ulio chini ya epithelia, unapotea, na seli nyingine zinaacha tabia ya epithelia na kuhamia kwenye tishu ya jirani. Waliohariri kijitabu wangeweza kuandika mistari mitatu tu juu ya hilo.

Umuhimu wake? Nilikwenda darasani na taya la papa nililolipata kwa wavuvi, limekauka, bado lina harufu. Nyuma ya safu ya meno ya mbele kuna safu nyingine imelala, na nyuma yake nyingine. Papa lamina yake haivunjiki, inaendelea kutoa meno maisha yake yote. Sisi, na nguruwe pia, tunapewa meno mara mbili, kisha kiwanda kinafungwa: kwa binadamu ni 20 ya utotoni, 32 ya ukubwani, na ukilipoteza la ukubwani kwa muwa au kwa ajali ya bodaboda, limekwenda. Kufungwa kwa kiwanda ndiko kunakoonekana kwenye slaidi ya tano. Wanafunzi walipolishika lile taya halafu wakarudi kwenye hadubini, sikuhitaji kusema mengi.

Vile visiwa vilivyobaki vina jina la Serres, mwanaanatomia Mfaransa wa karne ya 19. Vingi hukaa kimya au hupotea. Vingine hujikusanya, hujaza keratini, protini ngumu kama ya kucha, na kwa mtoto mchanga hujitokeza kwenye ukingo wa ufizi kama vipunje vyeupe au vya manjano hafifu, vigumu kidogo ukivigusa. Vile vya katikati ya kaakaa huitwa lulu za Epstein, kwa jina la daktari wa watoto wa Prague, navyo vinatokana na epithelia iliyonaswa pale pande mbili za kaakaa zilipoungana. Watoto wachanga wengi huwa navyo. Havimuumi mtoto na havimzuii kunyonya, na huondoka vyenyewe ndani ya wiki au miezi michache.

Hapa ndipo ninapokuja kwenye sababu iliyonifanya nitoe pesa zangu mfukoni. Kuna watu, si Pwani peke yake, bali Afrika Mashariki nzima, wanaoona ufizi wa mtoto umevimba au una weupe, mtoto naye anaharisha au ana homa, wakasema ana meno ya plastiki. Anatafutwa mtu wa kuyatoa. Anachochimbua mara nyingi ni kijusi cha jino la chonge, laini, cheupe, bado hakijakaza, na ukikiona mkononi kwa kweli unaweza kudhani ni kitu kigeni. Mtoto anabaki na kidonda kilichofanywa kwa kifaa ambacho hakuna ajuaye kilitoka wapi, kuhara kwake hakujatibiwa, na miaka kadhaa baadaye chonge ya ukubwani inaota imepinda au haioti kabisa, maana mbegu yake ilikuwa jirani. Nimewaona watu wazima wenye pengo hilo.

Kumwambia nyanya mtu "hakuna meno ya plastiki" hakusaidii, kwa sababu yeye ameyaona kwa macho yake. Mmoja wa wahudumu wangu, mama wa makamo kutoka Kisauni, alipotoka kwenye slaidi ya tano alisema, "Kumbe ni mabaki ya ujenzi. Basi nitamwambia hivyo, vifusi vya fundi, vinajiondokea." Siku hizi picha ya slaidi ile iko kwenye simu yake na anaitembeza nyumba kwa nyumba. Kwa hilo tu sanduku limenilipa.

Slaidi ya sita inaanza kuleta enameli na dentini, na inahitaji mwalimu awe macho. Dentini ni ukanda wa waridi, safi, na predentini, yaani dentini ambayo bado haijakaza, iliyo chini yake imepauka kidogo. Juu yake kuna ukanda uliokolea wa enameli changa, kisha safu ya ameloblasti, zile seli zinazotengeneza enameli, ndefu zilizosimama wima, viini vyote upande mmoja. Kilichokuwa baina ya tabaka hizi mbili hapo mwanzo, utando wa msingi, hakipo tena. Ulivunjwa ili seli za pande mbili zikutane: dentini inatangulia, enameli inafuata, na hakuna inayoanza bila ishara ya mwenzake. Ni kitu cha kufikirika tu kwenye slaidi ya rangi hizi, lakini ukiwaambia wanafunzi walinganishe na ya nne, wanaona mstari uliopotea.

Upande wa juu wa jino hilohilo kuna nafasi nyeupe tupu. Kila mwaka kuna mwanafunzi atakayesema slaidi imeharibika. Haijaharibika: ili wakate tishu yenye madini huiloweka kwanza kwenye asidi, na enameli iliyokomaa, ambayo karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini, huyeyuka yote. Enameli changa inabaki kwa sababu bado imejaa protini. Protini hizo baadaye hukatwakatwa na vimeng'enya na kuondolewa ili madini yachukue nafasi, na floridi ikizidi kwenye maji ya kunywa uondoaji huo unaharibika. Ndiyo sababu unawaona watu waliokulia Nakuru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa na madoa ya kahawia kwenye meno. Hata ameloblasti zenyewe hazibaki. Kwenye panya karibu nusu yao hufa kabla enameli haijakomaa, na zilizosalia huondoka jino linapoota. Ndiyo maana enameli iliyolika kwa kashata na soda hairudi. Kijitabu, kwa mara nyingine, kimya.

Ya saba inaonyesha jino likiota. Epithelia iliyosalia juu ya jino imeungana na ile ya kinywa, seli za katikati zinakufa, na njia inafunguka bila damu. Nzuri, ingawa imekatwa nene na lenzi ya 40 inaonyesha ukungu tu. Bakia kwenye lenzi ya 10.

Ya nane ni jino la mtu mzima lililosagwa, ya tisa ni mzizi. Za kawaida. Ya kumi ni ulimi. Ndiyo, ulimi, katika sanduku la ukuaji wa jino, nadhani walikuwa na mfereji mmoja mtupu.

Sasa malalamiko. La kwanza, slaidi sita za mwanzo ni za kijusi cha nguruwe, na hilo limeandikwa kwa herufi ndogo ndani ya kijitabu, si juu ya sanduku. Katika mji huu muuzaji anajua wanunuzi wake ni akina nani. Darasani swali lilikuja mara moja, nikawaeleza kwamba tishu imefungwa baina ya vioo viwili, hakuna anayeigusa, na aliyeona uzito nilimwachia atazame picha kwenye skrini. Hakuna aliyesusa. Lakini nilipaswa kuambiwa kabla ya kulipa, si kugundua mbele ya wanafunzi. La pili linatokana na hilohilo: kijitabu kimeandika wiki za mimba ya binadamu kwenye tishu ya nguruwe. Mimba ya nguruwe ni ya siku kama 114. Huwezi kuchukua kijusi chake ukakibandika "wiki ya 10" ya binadamu ukaondoka zako. Hatua ni zilezile na zinafuatana vilevile, kalenda si moja. Mimi nimezifuta zile wiki kwa kalamu ya wino mzito na kuandika jina la hatua tu.

La tatu ni la hali ya hewa yetu. Masika yalipoingia gamu ya lebo ililegea, na nikazikuta lebo mbili zimelala chini ya kisanduku bila kujulikana ni za nani. Kama hujui kutofautisha kofia na kengele, hapo umepotea. Andika namba kwenye kioo chenyewe kwa kalamu ya almasi siku ileile ya kwanza, na ndani uweke vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu na mikoba. Ukungu ukishashika kioo au lenzi, hata usugue vipi.

Wapo watakaoniambia vyuo vikuu vya ng'ambo vimeweka slaidi za aina hii mtandaoni bure. Kweli, na nyingine ni safi kuliko hizi. Ila bando la darasa zima ni la nani, na stima ikikatika mchana wa saa nane? Hadubini yangu ya zamani ina kioo cha chini cha kuvutia mwanga wa dirishani. Hata stima ikipotea, somo linaendelea.

Sanduku hili nalipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Ingekuwa nne na nusu kama kijitabu kingeandikwa na mtu aliyekaa na vioo hivi akavitazama. Nilipomrudia muuzaji na malalamiko yangu aliniambia anaweza kulivunja sanduku na kuuza kioo kimojakimoja, shilingi 900. Kwa mwalimu mwenye bajeti ndogo, chukua ya tatu, ya nne, ya tano na ya sita, ulimi umwachie. Ila ya tano usinunue kwa kusoma lebo, maana wanaokata tishu hawakujua wanachokionyesha na mzigo mwingine unaweza kuwa na jino zuri lakini pale juu hapana kitu. Mwombe muuzaji akuruhusu uitazame kabla hujatoa pesa. Hadubini anayo, iko nyuma ya kaunta, na usikubali akikwambia ni ya maonyesho tu.